Indiketa ikiganda, gari la kale husema uongo

DEREVA anayekufuata katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa hana njia ya kujua yaliyo moyoni mwako. Anachojua ni kile anachoambiwa na taa zako za nyuma. Ukimwambia unakwenda kushoto, ataamini unakwenda kushoto, na huenda akakata shauri la kufa na kupona kwa kutegemea taa moja ndogo ya rangi ya chungwa.

Isitoshe, katika barabara zetu indiketa imepewa kazi ambayo waliounda magari hawakuikusudia. Yeyote aliyewahi kuketi kiti cha mbele cha basi la usiku ameishuhudia. Lori likiwa mbele na basi likitaka kulipita, dereva wa lori huwasha indiketa ya kulia kumwonya mwenzake abaki nyuma kwa sababu kuna gari linakuja. Njia ikiwa wazi, huwasha ya kushoto: haya, pita. Lugha hiyo haifundishwi katika shule za udereva, lakini watu hulala usingizi ndani ya basi huku roho zao zikiwa mikononi mwa lugha hiyo.

Basi chukua mfano wa mzee anayetoka Voi jioni na Volkswagen yake ya mwaka 1968. Alikata kushoto kuingia kituo cha petroli, kisha akarudi barabarani. Indiketa ya kushoto haikuzimika. Jua la magharibi linampiga usoni, hauoni mshale mdogo wa kijani uliomo ndani ya saa ya mwendo, na injini ya gari hilo ina kelele kiasi kwamba mlio wa tik-tak hausikiki. Nyuma yake kuna matatu yenye haraka. Dereva wa matatu anaiona taa ile ya kushoto na kuisoma kama ruhusa.

Mjini nako mambo si tofauti. Mwendeshaji wa bodaboda aliyesimama kwenye makutano akiona gari linakuja huku likionyesha kwamba litaingia barabara yake, hujitoma barabarani. Gari lisipokata kona, hana pa kukimbilia.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, taa ya indiketa iliyoganda si jambo la kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi. Habari njema ni kwamba ni miongoni mwa kasoro ambazo familia inaweza kuzitafuta yenyewe Jumamosi asubuhi, kwa bisibisi, kipande cha msasa laini na tochi. Habari mbaya ni kwamba wengi huanza kutafuta mahali pasipostahili, wakapoteza pesa.

GARI LA MGONGO WA KOBE

Magari ya kale yaliyobaki katika familia zetu ni ya aina nyingi: Peugeot 504, Datsun 1200, Morris Minor, Land Rover zisizohesabika. Hapa tutalifuata moja tu, Volkswagen Beetle, kwa kuwa waya zake ni chache na ukiielewa hiyo, nyingine hazitakutisha.

Beetle si mgeni Kenya. Mbio za magari za Safari zilipoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, gari hili lilikuwa miongoni mwa yaliyotamba, na mwaka 1962 lilishinda mbio hizo. Viwanda viliendelea kuliunda hadi Julai 2003, la mwisho likitoka katika kiwanda cha Puebla nchini Mexico, na kwa jumla yaliundwa zaidi ya milioni 21.

Vijana huenda wasijue kwamba indiketa za kupepesa ni jambo lililokuja baadaye. Kampuni ya Buick ya Marekani ilianza kuziweka katika magari yake mwaka 1939, lakini Beetle za soko la Ulaya zilizisubiri hadi mwaka 1960. Kabla ya hapo zilikuwa na mkono mdogo uliofichwa katika nguzo ya bodi nyuma ya mlango. Dereva akigeuza swichi, sumaku ya umeme iliuinua mkono huo ukatokeza nje kama bawa, na balbu iliyokuwa ndani yake ikawaka. Morris Minor iliendelea na mikono hiyo hadi mwaka 1961. Nayo iliganda vilevile, na dawa iliyojulikana na kila mwenye gari ilikuwa kuipiga ile nguzo kwa ngumi. Indiketa za kupepesa hazisikii ngumi.

KUGANDA KUKO KWA NAMNA TATU

Kabla ya kufungua chochote, keti kwenye gari na utazame vizuri. Watu wawili wanaweza kusema indiketa imeganda wakiwa na maana tofauti kabisa.

Kuna ile inayowaka ikabaki imewaka bila kupepesa. Kuna ile inayopepesa vizuri lakini haizimiki baada ya kona, kwa sababu mkono wa swichi haurudi. Na kuna ile ya kushangaza, ambapo mshale wa dashibodi unang'aa hafifu hali hujagusa swichi yoyote ya indiketa. Kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza ndiyo inayowachosha wengi, kwa hivyo tuanze nayo.

Ndani ya gari kuna kidude kiitwacho flasha, kikopo kidogo kinachoenea katika kiganja. Ndicho kinachotoa mlio ule wa tik-tak. Wanafunzi wa sekondari waliosoma fizikia wanaujua utepe wa metali mbili zilizoshikamanishwa, ambao ukipata joto hujipinda kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko nyingine. Flasha nyingi za zamani zinatumia joto kwa njia hiyo hiyo. Umeme unaokwenda kwenye balbu hupitia kwanza katika utepe mwembamba. Utepe unapata moto, unajipinda, mguso unaachana na taa zinazimika. Umeme ukikatika utepe unapoa, unarudi, mguso unashikana tena. Hayo hurudiwa mara nyingi kwa dakika. Kanuni za kimataifa zinataka taa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na hii ni kazi nzuri ya kumpa mtoto mwenye saa ya mkononi: asimame nje, ahesabu.

Sasa angalia hesabu. Balbu ya indiketa ina nguvu ya wati 21. Kila upande una mbili, ya mbele na ya nyuma, jumla wati 42. Gawanya kwa volti 12 upate mkondo wa ampea 3.5. Huo ndio mkondo ambao flasha iliundwa iupate ili utepe wake upate joto la kutosha. Balbu moja ikiungua, mkondo unabaki ampea 1.75. Utepe unapata uvuguvugu tu, haujipindi, mguso hauachani. Balbu iliyobaki inawaka moja kwa moja kama taa ya sebuleni.

Maana yake ni kwamba flasha imeganda kwa sababu inafanya kazi yake sawasawa, na kuganda kwake ni ujumbe kwamba taa moja imekufa. Zipo flasha za aina nyingine ambazo katika hali hiyo hukimbia mbio badala ya kuganda, ila ujumbe ni ule ule.

Jirani yangu mmoja alibadilishiwa flasha mara tatu katika karakana moja ya mjini. Kila mara alilipa, kila mara indiketa ya kushoto ikaganda tena baada ya siku mbili tatu. Hakuna aliyejisumbua kumwuliza swali moja dogo: je, ya kulia inapepesa? Ilikuwa ikipepesa bila tatizo. Katika gari hili flasha ni moja tu, na inahudumia pande zote mbili. Upande mmoja ukipepesa vyema na mwingine ukaganda, flasha haina hatia. Kosa liko katika upande ulioganda, kuanzia swichi hadi balbu. Shika neno hilo na utaokoa pesa zako.

ANZIA KWENYE BALBU

Washa ufunguo, sogeza swichi upande ulioganda, kisha zunguka gari. Taa ya mbele ya Beetle imekaa juu ya madigadi, na ya nyuma ni sehemu ya rangi ya chungwa katika kifuniko cha taa za nyuma. Iliyo kimya au iliyofifia ndiyo ya kufungua.

Toa skrubu za kifuniko, sukuma balbu ndani kidogo, izungushe, itatoka. Itazame dhidi ya mwanga. Uzi ukiwa umekatika au kioo kikiwa cheusi, kazi imekwisha kabla haijaanza. Lakini soma pia maandishi yaliyo kwenye kitako chake. Balbu ya wati 5 ina kitako kinachoingia sawasawa katika tundu la balbu ya wati 21, na katika maisha ya gari la miaka 50 hakosekani mtu aliyewahi kuweka hiyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Inawaka, mwenye gari anaridhika, flasha inaganda.

Wenye Beetle za mwanzo wawe macho zaidi. Nyingi za kabla ya mwaka 1966 ni za volti 6, si 12. Balbu na flasha zake ni tofauti, na kwa wati zile zile mkondo wake huwa maradufu, hivyo kutu kidogo tu huzitaabisha.

Balbu ikiwa nzima na ya wati zinazofaa, mshukiwa wa pili ni ethi. Umeme ukishapita kwenye balbu sharti urudi kwenye betri, na katika magari haya hurudi kupitia bodi yenyewe. Taa ya mbele hupitisha umeme wake kwenye madigadi, na madigadi hupitisha kwenye bodi kupitia boliti zake. Mpira unaozuia maji chini ya taa ukipasuka, mvua za masika huingia, kutu ikaota, umeme ukakosa njia ya kurudi. Na hapa kuna jambo linalowaudhi wapenda magari: gari lililopakwa rangi mpya hupata shida hii kuliko bovu. Mpaka rangi hodari hafichi mikwaruzo tu, hufunika pia mahali ambapo chuma kilipaswa kugusana na chuma. Ndiyo maana unaweza kuona gari linalometameta kama vile liko tayari kwa mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa Ngong, na bado indiketa yake haipepesi.

Kuipima ethi ni rahisi. Chukua waya mrefu, ncha moja iguse chuma cha tundu la balbu, nyingine iguse chuma safi kisicho na rangi mahali pengine katika bodi. Indiketa ikianza kupepesa ghafla, umempata mwizi. Kwangua kutu kwa msasa, kaza skrubu, kisha paka mafuta mazito kama Vaseline ili maji yasirudi.

FYUZI NA FLASHA

Fyuzi za Beetle ni vijiti vidogo vyenye ncha zilizochongoka na utepe wa chuma uliowekwa juu wazi. Nyeupe ni za ampea 8, nyekundu ni za ampea 16. Kwa kuwa zimeshikwa na vibanio vya chuma pekee, ncha zake huota kutu na umeme ukapita kwa shida. Zizungushe kwa vidole mara kadhaa katika vibanio vyake huku ufunguo ukiwa umezimwa. Mara nyingine hiyo peke yake hutosha.

Jambo moja halina mjadala. Usiweke karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Katika Beetle tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti hiyo hiyo ambamo nyuma ya dashibodi waya zote zimekusanyika. Waya ukipata moto hapo, hutabaki na gari la kutengeneza.

Kwa sababu iyo hiyo, kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi, inua kiti cha nyuma na ufungue waya wa hasi wa betri, ambayo imewekwa chini yake. Hapo ndipo unaweza kuondoa karatasi ngumu iliyoko ndani ya buti ya mbele na kuifikia flasha. Utaona namba zimechapwa kando ya miguu yake: 49 ni umeme unaoingia, 49a ni unaotoka kwenda kwenye swichi na balbu, na C, au KBL katika nyingine, ni wa mshale wa dashibodi. Funga kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa. Flasha hubadilishwa ikiwa pande zote mbili zimeganda, balbu zote ni nzima, ethi ni safi na betri ina nguvu.

Nimesema betri kwa makusudi. Beetle za miaka ya 1960 hutumia dainamo, ambayo injini ikinguruma polepole haichaji. Ukiwa katika msongamano wa Thika Road usiku, taa zimewashwa, waipa zinafanya kazi na mguu uko kwenye breki, indiketa inaweza kupunguza mwendo hadi karibu kusimama. Kanyaga mafuta kidogo. Ikichangamka, usiilaumu flasha, kapime betri na mkanda wa dainamo.

Siku hizi wengi wanaweka balbu za LED kwa kuwa zinawaka vizuri na hazili umeme. Hilo la kutokula umeme ndilo tatizo. Flasha ya joto haipati mkondo wa kuitosha, inaganda. Anayezitaka LED sharti anunue pia flasha ya elektroniki, na mwenye Morris Minor aulize kwanza kama inafaa gari lake, maana magari mengi ya Kiingereza ya enzi hiyo yana ethi ya chanya badala ya hasi. Kwa maoni yangu, balbu ya zamani iliyo safi inatosha.

MSHALE UNAONG'AA BILA KUITWA

Kuhusu ule mshale wa dashibodi unaong'aa hafifu, fanya hivi. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine atazame. Mshale, au taa ya indiketa ya nyuma, ikiwaka kidogo kila breki inapokanyagwa, ethi ya taa za nyuma imeoza. Umeme wa breki umekosa njia yake ya kurudi, ukaamua kupita kwa jirani, yaani kupitia uzi wa balbu ya indiketa. Mshale ukiwaka unapowasha taa za usiku, ni ugonjwa ule ule, na dawa ni ile ile ya msasa.

SWICHI ISIYORUDI

Tumrudie sasa mzee wetu wa Voi, maana yake ni ya aina ya pili: indiketa yake ilipepesa vizuri tu, ila haikuzimika. Hapa umeme hauna kosa, ni mambo ya plastiki na chuma. Chini ya usukani kuna pete yenye ulimi mdogo. Ukikata kona kisha ukaurudisha usukani, ulimi huo hupita na kuisukuma swichi irudi katikati. Kona ikiwa ya kupinda kidogo tu, kama ile ya kuingia kituo cha petroli kwa mteremko mpole, usukani hauzunguki vya kutosha na swichi hairudi hata katika gari jipya. Lakini kama hairudi baada ya kona kamili, ama ulimi umelika, ama grisi ya zamani imekauka ikawa gundi, ama usukani uliwahi kutolewa ukarudishwa visivyo.

Hili la mwisho linatokea sana. Usukani ukirudishwa, magurudumu yatazame mbele sawasawa na mkono wa swichi uwe katikati kabisa. Ukiusukuma usukani mahali pake huku swichi imelala upande mmoja, ulimi hugonga na kuvunjika papo hapo, na utasikia mlio wake mdogo bila kujua umesikia nini. Pia kuwe na nafasi ya milimita chache tu kati ya usukani na swichi. Nafasi ikiwa kubwa, ulimi haufiki. Ikiwa ndogo, usukani unasugua. Betri iwe imefunguliwa kazi hii ikifanywa, kwa kuwa waya wa honi unapita humo humo.

Safisha grisi iliyokauka, paka mpya kidogo, rudisha kila kitu, kisha tafuta uwanja mtupu. Zunguka kulia na kushoto mara kumi kila upande, mkono wa swichi ukiachwa ujirudie wenyewe. Ulimi wa plastiki ukiwa umekatika, hakuna gundi itakayoushika. Tafuta pete nyingine kutoka kwa Beetle iliyokufa, na hadi utakapoipata, mpe abiria wa kiti cha mbele kazi ya kukwambia kila baada ya kona: zima.